Jiwe Lililopakwa Mafuta ya Mbuzi

Siku ya soko, bucha ya Mzee Idrisi pale Meru ilikuwa haipitiki. Watu walijipanga mpaka nje kwenye matope, wakisukumana na kulalamika kwamba mbele kuna wanaopendelewa. Nyuma ya meza alisimama Rahema, binti pekee wa mzee huyo, leso ya maua mekundu kiunoni, mikono ikimeremeta mafuta, akifunga nyama kwa magazeti ya zamani. Juu ya magazeti hayo, ili yasipeperushwe na upepo wa mlimani, lilikaa jiwe jeusi lenye vibonyo kila upande, kama unga uliokandwa ukabonyezwa kwa kidole gumba.

Kijana mmoja akafika mbele. Shati jeupe, kaptura ya kaki iliyopigwa pasi ikanyooka, soksi zimevutwa mpaka magotini. Ukimtazama tu unajua ni mwalimu. Alifungua kinywa kuagiza nyama, macho yakatua kwenye lile jiwe, na nyama ikamtoka kichwani. Aliomba kulishika. Akalipima mkononi, akashangaa uzito wake, kisha akatoa sumaku ndogo mfukoni na kuisogeza. Ikanata.

"Hii jiwe haikutoka hapa chini," alisema polepole.

"Najua," Rahema akamjibu. "Ilitoka juu. Nyama unataka ama hutaki?"

Foleni ikacheka. Mwalimu alinunua nyama asiyokuwa ameipanga, akaondoka huku akigeuka nyuma mpaka akamkanyaga mwanamke mmoja na kikapu chake.

Aliitwa Njagi. Alikuwa mtu wa Embu, akifundisha shule moja upande wa Kinoru, na tangu utotoni alikuwa na wazimu wa vimondo. Rahema naye alikuwa na wazimu huohuo, ila hakujua kwamba duniani kuna mwenzake. Babu yake ndiye aliyeleta lile jiwe kutoka Kianjai, alikokwenda kununua mbuzi: lilianguka mchana kweupe kwa kishindo, likajichimbia kwenye shamba la mtu. Babu huyo alimfundisha kwamba kimondo ni mwenge anaorushiwa shetani anayedukua mambo ya mbinguni. Rahema aliamini, lakini alitaka pia kujua mwenge ukizimika unabaki kitu gani, basi akawa anaokota mawe meusi na kuyaweka kwenye mkebe wa majani ya chai.

Njagi alipoonyeshwa mkebe huo alipitisha sumaku, mawe yakaruka kuifuata, naye akasema kwa furaha kwamba huyu binti ana utajiri. Rahema alicheka mpaka akajifuta macho. Alimweleza kwamba mawe ya mlima wao nayo yana chuma, ndiyo maana yananata. Atazame vizuri, lenye vitundu kama mkate ni la mlima. Katika mkebe mzima hakuna hata moja lililotoka juu. Mwalimu akairudisha sumaku yake mfukoni. Naye akalipiza kwa kumweleza ambalo Rahema hakulijua, kwamba kila mwaka dunia hupita penye vumbi lilelile, ndiyo maana Desemba vimondo huwa vingi.

Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikiwasaka waasi wa msituni. Jua likizama, kafyu. Ukionekana nje umejitakia. Basi kila mmoja aliangalia kwake, Njagi dirishani kwenye nyumba ya walimu, Rahema nyuma ya jiko alfajiri anapotoka kutawadha. Mchana walikutana bucha na kulinganisha, Rahema akinoa kisu, Njagi akijifanya anachagua mfupa. Kama wote wawili wamekiona kimondo kilekile, Rahema alikuwa hawezi kuficha meno.

Siku moja mvua iliwakuta wote chini ya upenu wa fundi cherehani. Njagi aliitazama mvua kwa muda, kisha akasema, "Rahema, mimi siji bucha kwa sababu ya nyama. Kwangu nyama imejaa mpaka inaoza."

"Basi utaugua."

"Nimeshaugua, bibi vimondo. Wewe ndiye hujaniuliza hali."

Rahema alivuta leso akaficha uso, na ndani ya leso hiyo akamuuliza hali.

Wakapendana kwa siri. Rahema alimwambia kwamba ni kwa sababu ya dini, babake hatakubali. Hilo lilikuwa kweli, lakini si lote. Watu wa mtaa wao walikuwa Waislamu wa mjini, wa kila asili, na serikali haikuwabana kama ilivyowabana wengine. Mtu wa Embu alitembea na pasi ya ruhusa mfukoni, akasimamishwa, akapekuliwa, na aliyesimama naye akatazamwa mara mbili. Rahema alimpenda Njagi na aliona haya kuonekana naye. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yake pamoja, na lile la pili hakulitaja hata akiwa peke yake.

Shule zilipofungwa, Njagi alipata ruhusa ya kwenda kwao. Huko kulikuwa na padri mmoja mzee mwenye kioo cha kukuzia vitu. Njagi alitaka kumwonyesha lile jiwe, kisha alirudishe. Rahema alilichukua bila kumwambia babake, akaweka tofali mahali pake. Alipoligeuza aliona kutu, akalifanyia kile alichofundishwa kuvifanyia visu vya bucha visiliwe na kutu: akalisugua, akalipaka mafuta ya mbuzi mpaka likang'aa, akalifunga kwa ngozi laini ya mwanambuzi. Aliona fahari kwa kazi yake. Kwake mafuta na ngozi vilikuwa vitu vya kazini, vya kila siku, na hakufikiria kabisa kwamba wakati huo, katika nchi hiyo, hapakuwa na homugadi, askari wa mtaani wa serikali, asiyetafuta jiwe la kulia kiapo cha waasi, lenye mafuta na ngozi ya mbuzi kama hilo.

Njagi alipekuliwa akiwa nalo mbele ya bucha, pale basi lilipokuwa likipakia abiria. Kaberia, homugadi aliyekuwa mteja wao wa matumbo, alikata kamba ya ngozi, na watu wote wakarudi nyuma.

"Hii jiwe ni ya nani?"

"Ni yangu," Njagi akasema. "Ilianguka kutoka juu. Ni ya kusoma tu."

"Ya kusoma, na mafuta ya mbuzi? Nani amekupatia?"

Njagi hakugeuka kutazama bucha. Alitazama ardhi, akarudia kwamba ni lake. Rahema alikuwa na kisu mkononi na vidole vyake vilinuka mafuta yaleyale. Aliinua kichwa aseme. Aliona foleni nzima, wake wa majirani, mashehe wa msikitini, na wote wangejua mara moja kwamba anapendana na mtu wa Embu. Akainama, akaendelea kukata nyama. Kando yake Mzee Idrisi alilitazama lile jiwe, akalitazama tofali juu ya magazeti, akamtazama binti yake. Naye pia akaendelea kukata.

Njagi alipelekwa kambini kuhojiwa.

Nyumbani hapakuwa na ugomvi, na Rahema angependa uwepo. Baba na binti walikula bila kutazamana. Tofali lilibaki mahali pake na hakuna aliyelisogeza. Alfajiri Rahema alitoka kutawadha kichwa kimeinama, akarudi ndani upesi, asione hata nyota moja. Alijichukia akiwa anafua, akajichukia akiwa anaswali. Kaberia alipokuja kununua matumbo aliwaambia wateja, kama mtu anayepiga soga, kwamba yule mwalimu alikuwa mjinga sana. Ameulizwa na kuulizwa tena, anasema ni yake tu. Kama mtu mmoja wa maana hapo mjini angejitokeza kumwelezea, jambo hilo lisingefika mbali. Rahema alimfungia matumbo yake, akampa chenji.

Siku alipopata ujasiri alikwenda kwenye duka la Mhindi lenye simu, akaomba apigiwe duka la Embu lililo karibu na soko ambako dada yake Njagi, Nelius, aliuza mboga. Alisubiri, laini ikikoroma, mpaka sauti ya mwanamke ikaja.

Nelius alisema kwamba kakake ametoka kambini. Yule padri mzee ndiye aliyekwenda kumsemea. Yuko nyumbani, lakini kazi ya ualimu wamemnyang'anya na mguu mmoja haukanyagi vizuri.

"Wewe ni nani unauliza?" Nelius akasema. "Nimwambie nani amepiga?"

Rahema alimtazama Mhindi, akawatazama wanawake wawili waliokuwa wakichagua vitambaa. Akarudisha simu mahali pake. Njia nzima alitembea akijiita majina ambayo hangethubutu kumwita mbwa.

Njagi alirudi Meru kuchukua vitu vyake kwenye nyumba ya walimu. Ilikuwa siku ya soko tena. Rahema aliinua macho akamwona kwenye foleni, kichwa kimenyolewa, koti bila vifungo, kaptura ileile sasa imemlegea. Watu walikuwa wameacha nafasi mbele yake na nyuma yake. Kaberia alikuwa ameegemea mlango na bunduki yake. Njagi alichechemea mpaka mezani, akatoa kitu mfukoni akakiweka juu ya mbao. Lilikuwa lile jiwe, limeshika kutu upya.

"Mzee Idrisi," alisema, kwa sauti ya kusikika, "nimeleta jiwe yenu. Nilichukua hapa bila ruhusa. Niliiba. Nisamehe."

Rahema alielewa mara moja. Njagi alikuwa amempa mlango wa kutokea. Mbele ya watu wote, mtu huyu aliyekwisha kufungwa kwa ajili yake sasa alikuwa anajiita mwizi ili jina la Rahema libaki safi, na kilichotakiwa kwake ni kunyamaza tu, kama alivyokwisha kunyamaza.

"Hakuiba," akasema.

Sauti ilitoka ndogo. Akaweka kisu chini.

"Hakuiba. Nilimpa mimi, kwa mkono wangu. Mafuta nilipaka mimi, ngozi nilifunga mimi. Siku ile nilikuwa nimesimama hapahapa na nikanyamaza."

Mzee Idrisi aliifuta mikono yake kwenye aproni, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Na mimi nililijua," alisema. "Limekaa mezani kwangu miaka yote, ningekosaje kulijua? Nilimwonea binti yangu haya kuliko nilivyomwonea mtoto wa watu huruma."

Njagi alimgeukia Rahema.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliona haya."

"Haya ya nani? Yangu?"

Angeweza kusema ya watu, ya baba, ya dini. "Ndiyo," akasema, machozi yakimdondoka kwenye mbao. "Yako. Nilikupenda na nikaona haya kuonekana nawe. Na simu nilipiga mimi."

Njagi akasema kwamba hilo alilijua tangu siku ile, ila alitaka kulisikia kutoka kwake, kwa sababu kambini lilimuuma kuliko mguu. Bado ana hasira, na hajui itaisha lini.

"Ikiisha," Mzee Idrisi akasema, "ukija hapa usipange foleni. Njoo na wazee wenu, mpite mlango wa nyumba. Mambo ya dini tutayaongea tukiwa tumekaa."

Njagi alitikisa kichwa kukubali. Kisha akasema kwamba padri hakuwahi kuliona jiwe lenyewe. Kambini lilikuwa limetupwa kwenye takataka, Njagi akaliokota akitoka, na hakutaka kumwonyesha mtu kabla ya kulirudisha kwa wenyewe. Kioo bado kinalisubiri.

"Nipatie tena," alimwambia Rahema. "Lakini sasa usipake mafuta."

Rahema alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye gazeti la kufungia, akaliacha. Alizunguka meza na leso yake yenye madoa ya damu, akalichukua jiwe likiwa wazi kiganjani, akatoka nalo kando ya Njagi, polepole kwa ajili ya ule mguu, katikati ya watu wa soko mpaka kwenye basi. Wake wa majirani waliona. Mashehe waliona. Kwenye mlango wa basi Kaberia alikuwa amewatangulia, amenyoosha mkono.

"Hii jiwe ni ya nani?"

"Yangu," Rahema akasema, "na huyu tuko pamoja."