Radi ya Wanyonge na Kengele ya Lifti

Wenzangu wenye simu mikononi, na mimi nikiwamo, zilazeni kifudifudi kidogo niwasimulie habari za fundi wa lifti. Mwanzoni mtacheka. Mimi mwenyewe nilicheka, mpaka nilipofika pale kengele ilipoanza kulia.

Jengo lenyewe lina ghorofa tisa na lifti moja kuukuu. Chini kuna maduka ya vioo, katikati wanakaa wenye kazi za maofisini, na juu kabisa, ambako kodi ni ndogo kwa sababu lifti ikigoma ni wewe na ngazi, wanakaa akina sisi. Fundi alikaa huko juu na mkewe mshonaji, pamoja na mama yake mzazi mwenye pumu. Kazi yake ilikuwa kuitunza lifti hiyohiyo, na aliipenda. Kila alipoingia chumba cha mashine juu ya paa na kuziona zile kamba sita za chuma zikipanda na kushuka na roho za watu, alishangaa upya, kama vile ndiyo siku yake ya kwanza kazini.

Asubuhi ya mkasa huu nyumba ilikuwa shwari. Cherehani iliimba dirishani, mama alikuwa akiipuliza chai, Fundi akipangusa bisibisi zake moja moja na kuzipanga mkobani.

"Mwanangu," mama akasema, "pampu yangu imeisha dawa. Saa nne nashuka kwenda kliniki kuchukua nyingine."

"Sawa, mama."

"Na leo si ndiyo siku yako ya kuifungua mashine?"

"Ndiyo. Ila sitaizima mpaka uwe umeshuka. Ondoa shaka."

"Niangalie usoni ndiyo uniambie."

Akainua macho, akacheka. "Nimesema nitakusubiri, mama yangu."

Papo hapo simu ikatetemeka mezani, ikatetemeka tena, na macho ya Fundi yakarudi huko. Mkewe alisimamisha cherehani akamtazama, kisha akaendelea kushona.

Niwaeleze kidogo kuhusu hiyo simu. Mtandaoni Fundi hakuwa fundi. Alikuwa Radi ya Wanyonge, na wafuasi wake walijaza mji mdogo. Ilianza miezi minane nyuma, serikali ilipoukatia umeme mtaa mmoja wa mabondeni, ikidai watu wamejiunganishia nyaya kienyeji. Fundi aliandika sentensi moja tu: "Huwezi kuzima umeme wa watu bila kwanza kuuliza ndani kuna nani." Kulipokucha ilikuwa imesomwa na watu arobaini elfu. Aliitazama ile namba, akaitazama tena. Mtu aliyezoea kuitwa pale tu kitu kinapoharibika, leo watu arobaini elfu wanamsikiliza! Nani asingevimba kichwa?

Na kwa haki, alisema kweli nyingi. Alisema juu ya pengo la walionacho na wasionacho, juu ya wakubwa wanaoamua mambo ya watu ambao hawajawahi kuona milango yao. Aliyempinga zaidi alikuwa mstaafu wa ghorofa ya sita, aliyekuwa karani wa idara ya ardhi, mzee wa shati jeupe na mkongojo. Karani aliandika kwa jina lake halisi, kwa nukta na mikato yote. "Nyaya zile zingeunguza mtaa mzima, watoto wamelala," aliandika. "Kuna wakati kuzima ndiyo kuokoa. Serikali ikiogopa kulaumiwa, nani atalinda?" Naye hakukosa hoja, mkitaka ukweli.

Zamani wawili hao walicheza drafti kila Jumapili. Lakini hoja zilipomwishia, Radi alianza matusi. Siku moja alimwita Karani mbwa wa kufugwa na wakubwa, na watu elfu sita wakaweka alama za kucheka. Tangu siku hiyo wakikutana kwenye ngazi, Fundi alikuwa akitazama ukuta. Miezi sita bila shikamoo! Mama yake alimsema mpaka akachoka.

Basi, turudi kwenye asubuhi yetu.

Fundi wa lifti ana utaratibu wake, na huu aliupokea kwa mwalimu wake wa kazi. Kabla hujazima, unafungua kile kidirisha kinachotazama shimo la lifti, unaita "Kuna mtu?" mara tatu, unasubiri jibu. Pakiwa kimya ndipo unavuta swichi kuu, unaipiga kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni mwako wewe peke yako. Kwa miaka kumi na minne Fundi hakuwahi kuruka hatua hata moja.

Saa nne na dakika tano alikuwa mbele ya swichi, simu mkono wa kushoto. Karani alikuwa ameandika jambo dakika chache kabla, akiwaonya watu wasiende kwenye maandamano ya siku hiyo ya kupinga ukataji wa umeme, kwa sababu askari wangekuwa wengi. Fundi alianza kumjibu kwa kidole gumba, damu ikimwenda mbio. Mkono wa kulia, ambao unaijua kazi bila kuambiwa, ukavuta swichi. Ukapiga kufuli. Akachomoa vipande viwili vya umeme ili avisafishe, akaviweka kwenye kopo. Hakufungua kidirisha. Hakuita. Wala hakumkumbuka mama yake.

Ndipo aliposikia mvumo kutoka barabarani. Akatoka kwenye paa, akachungulia.

"Mungu wangu," akasema kwa sauti ndogo.

Barabara ilikuwa imejaa watu kutoka ukuta hadi ukuta. Hawakuimba, hawakurusha kitu. Kila mmoja alikuwa ameinua balbu isiyowaka, na jua la saa nne lilipozigonga zile balbu zote, barabara nzima ikametameta. Fundi alisimama mdomo wazi. Alikuwa ameandika habari za umma miezi minane na hakuwahi kuuona umma. Machozi yalimlenga, na sikatai, hata mimi yangenilenga.

Akafungua simu, akaanza kurusha matangazo mubashara. Elfu tatu wakaingia. Elfu saba. Elfu kumi na moja!

"Tazameni!" alisema. "Hawa ni watu waliozimiwa bila kuulizwa!"

Maoni yakamiminika, na katikati yake mtu mmoja akauliza: "Radi, hiyo kengele inayolia hapo nyuma ni ya nini?"

Naam, kulikuwa na kengele. Ya lifti hulia kwa betri hata umeme ukizimwa, na ililia kutoka chumba cha mashine, kwa mikato mikato, kama mtu anayebonyeza, anapumzika, anabonyeza tena. Masikio ya Fundi yaliisikia. Moyo ndio haukuwapo.

"Hiyo?" akajibu kwa mbwembwe. "Hiyo ni kengele ya wanyonge! Inalia tangu jana na juzi, na wakubwa wametia pamba masikioni!"

Mioyo myekundu ikajaa kioo chote. Simu ya mkewe ikaingia. Akaikata, maana ingekatiza matangazo. Ikaingia tena, akaikata. Ya tatu pia.

Mlango wa ngazi ukafunguka kwa kishindo. Mkewe alikuwa anahema, sindano yenye uzi imechomekwa kifuani mwa gauni lake.

"Unanikatia simu! Mama yuko ndani ya lifti! Nimewasikia wakiita kutoka shimoni. Yuko na Karani, wamekwama chini ya ghorofa ya sita, na hana dawa!"

Simu ilimponyoka. Ilianguka kifudifudi kwenye sakafu ya paa, haikuzimika. Wale watu elfu kumi na moja waliona mbingu tupu, wakasikia kila neno.

Fundi alirudi mbio chumba cha mashine. Kuvirudisha vile vipande mahali pake kungechukua robo saa, na mwenye pumu hana robo saa. Ilibaki njia ya mikono: mmoja anaishikilia breki wazi, mwingine anazungusha gurudumu kubwa la chuma, lifti inashuka kidole kwa kidole. Lakini ukiwa juu huioni sakafu. Lazima aliye ndani akuongoze.

"Shika hapa," alimwambia mkewe. "Nikisema achia, achia." Kisha akafungua kidirisha, kile alichokiruka. "Karani! Karani, unanisikia?"

Miezi sita ilikuwa ndani ya shimo lile, kati yake na yule mzee.

"Nakusikia, Fundi," sauti ikapanda, tulivu kabisa.

"Mama anaendeleaje?"

"Anapumua kwa shida. Tunahesabu pumzi pamoja, yeye na mimi. Fanya kazi yako."

"Nashusha. Niambie sakafu zikilingana."

"Shusha."

Gurudumu likazunguka. "Bado," ikaja sauti. "Bado. Polepole, anajishika kwangu. Bado." Mtandaoni, kwa kila neno la mtu yule Fundi alikuwa akijibu maneno kumi. Sasa alikuwa akingoja kila neno lake kwa roho mkononi, na kulitii. "Bado kidogo. Simama!"

"Achia!" Mkewe akaachia, breki ikauma.

Kwenye simu iliyolala nje, maoni yalikuwa yamekoma. Watu elfu kumi na moja wakasikiliza, hakuna aliyeandika hata herufi. Waliokuwapo wanasema hawajawahi kuona ukimya wa namna ile mtandaoni.

Fundi alishuka ngazi tatu tatu. Ghorofa ya tano mlango wa lifti ulikuwa umevutwa wazi, mkongojo umetiwa kabari katikati yake. Karani alikuwa ameketi sakafuni, amemwegemeza mama mgongoni kwake ili akae wima, koti lake amemtandikia, shati jeupe limelowa jasho. Midomo ya mama ilikuwa imebadilika rangi. Fundi akapiga magoti. Alitaka kusema mengi, likatoka moja.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba. Mbebe mama yako kwanza."

Akambeba mgongoni, wakashuka. Kliniki ilikuwa ng'ambo ya barabara, na barabara ndiyo ile iliyofurika. Upande mmoja waandamanaji, upande wa pili askari na ngao zao, na Fundi akaona hakuna pa kupita. Karani akatangulia. Yeye aliyeyapinga maandamano yale tangu yalipotangazwa, akainua mkongojo.

"Mgonjwa! Wanangu, mgonjwa! Njia!"

Balbu zikashuka. Umma ule ukafunguka, mmoja akimvuta mwenzake kwa mkono, mpaka ikatokea njia ya upana wa mtu mmoja na mzigo wake. Mbele yao safu ya askari nayo ikafunguka, na mmoja akaweka ngao chini akamsaidia Fundi kupanda ukingo wa barabara. Hakuna aliyemuuliza yuko upande gani. Fundi alipita katikati yao akilia waziwazi, huku akiihisi pumzi fupi ya mama yake shingoni.

Mama alipona. Jioni, barakoa ya hewa ilipoondolewa, alimshika mwanawe mkono. Hakumkemea, na afadhali angemkemea.

"Sikuogopa sana," alisema. "Nilikuwa nikiibonyeza ile kengele nikimwambia Karani, usijali, mwanangu yuko huko juu. Akisikia tu, atakuja."

Fundi aliinamisha kichwa kwenye shuka.

Baadaye aliandika mtandaoni, safari hii kwa jina lake la kuzaliwa: "Kengele mliyoisikia ilikuwa ya mama yangu. Aliyemzimia bila kuuliza ni mimi." Wengine walimtukana, wengine walimhama. Bado anatetea wanyonge, na Karani bado anampinga, ila siku hizi hubishana Jumapili juu ya ubao wa drafti, mpaka majirani wanapiga hodi kuwaomba wapunguze sauti. Na kabla ya kugusa swichi, Fundi hufungua kidirisha, akaita mara tatu, akasubiri. Mama, hata kama yuko jikoni, humjibu kwa kelele: "Nipo huku, mwanangu! Zima!"

Funzo

Ndugu zangu, sijawaambia msibishane. Serikali isiyoulizwa huota kiburi, na pengo la matajiri na maskini halitazibwa na watu walionyamaza. Semeni, andikeni, andamaneni kwa amani, pinganeni mpaka kieleweke. Lakini kila mmoja wetu ana swichi yake. Kuna mke anayetusubiri tuinue macho, mzazi mwenye miadi ya kliniki, jirani tuliyemtusi ili tuchekewe na tusiowajua. Katika mambo hayo sisi ndio serikali, na wao ndio wananchi. Tunalowalaumu wakubwa kwalo, tuliangalie kwanza mikononi mwetu. Kuhusu yule mnayemwita adui kwa sababu ya hoja zake, msimwondolee shikamoo yake, kwa maana hamjui ni mgongo wa nani mama yenu atauegemea.

Sasa zigeuzeni simu zenu. Ila kabla hamjaandika neno, tulieni kidogo msikilize kama hakuna kengele inayolia hapo nyumbani.