Alama ya Rangi ya Kucha

“Trei tatu, Baba Munira. Hesabu mwenyewe usije ukasema nimezidisha,” alisema Mama Lusungu, akaziweka trei zake za mayai yaliyopasukia kwenye pikapu barazani kwa jirani yake, pale pale ambapo kila mpita njia angeziona. Ute ulikuwa umelowesha makaratasi na kuanza kuchuruzika kwenye saruji.

Fundi Fakihi alifuta mikono kwa tambara, akasema kwa upole kwamba labda alipita kwenye mashimo.

“Mashimo ya Tandale nayajua tangu Lusungu yuko mgongoni. Shimo linakurusha mara moja, linakuacha. Hii pikapu inatetemeka kama mgonjwa wa malaria, na haikuwaga hivi kabla wewe hujaifungua.”

Ugomvi wa Tandale haukosi wahudhuriaji. Waliokuwa bombani waliacha ndoo zao kwenye foleni, muuza maandazi akasogeza beseni lake karibu, na kabla jua halijapanda mtaa mzima ulikwisha kujua kwamba Fundi Fakihi, aliyetengeneza magari ya watu miaka ishirini, sasa anayaharibu. Mama Lusungu hakuwa mtu mbaya. Ukiugua, yeye ndiye wa kwanza kubisha hodi na kikombe cha uji. Lakini neno likishafika kinywani mwake halilali humo. Alisema pikapu isipopona mpaka jioni ataipeleka gereji nyingine, na wenzake wa sokoni atawaambia wafanye vivyo hivyo.

Ilikuwa Jumamosi, hakuna shule, na Munira alisimama mlangoni na ufagio mkononi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita. Kila akitoka shule alivua sare, akavaa ovaroli ya baba yake iliyokunjwa miguu, akaingia gereji, ule uwanja mdogo ubavuni mwa nyumba yao. Baba yake alikuwa akimwambia kila mteja kwamba huyu ndiye atakayemwachia spana zake. Sasa Munira aliutazama ule ute. Alijua ni nani aliyeyapasua mayai yale.

Alhamisi, baba yake alikuwa ameifungua propela ya pikapu ili abadilishe krosi. Propela ni lile bomba refu la chuma linalozunguka chini ya gari na kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Krosi ni kiungo chake, kama kifundo cha mkono. Kabla hajalegeza boliti nne zinazoishika kwa nyuma, Fundi Fakihi alichukua chupa ya rangi nyekundu ya kucha, akachora mstari mmoja kwenye propela na mwingine kwenye difu, lile bonge la gia lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, mkabala na ule wa kwanza. Wakati wa kufunga, mistari hiyo ikikutana, propela inarudi vile vile ilivyokuwa. Ikikosewa, inazunguka huku ikiyumba.

Kisha akampa Munira propela aitoe grisi. Munira aliisugua kwa mafuta ya taa na brashi ya waya mpaka baba yake akawaita watu waje waione inavyong’aa. Sifa zilipokwisha, Munira akagundua kwamba mstari mwekundu nao umeondoka na uchafu. Baada ya kusifiwa vile, alishindwa kusema. Baba yake alipokwenda kuswali alasiri, alichukua ile chupa, akachora mstari mpya pale alipodhani palikuwa penyewe. Baba akarudi, akakutanisha mistari, akakaza boliti bila wasiwasi.

Watu walipotawanyika, Fundi Fakihi alimwita Munira, wakaipeleka pikapu barabara kuu. Spidi ilipofika sitini, sakafu ilianza kuvuma, viti vikafuata, na kioo cha kati kikawa hakionyeshi kitu. Fundi alitoa gia, akaacha injini ingurume taratibu huku gari likienda lenyewe. Mtetemo haukupungua hata kidogo. Akamweleza binti yake kwamba kama ungekuwa wa injini, ungetulia na injini. Waliporudi, alihamisha matairi ya mbele kuyapeleka nyuma, wakaenda tena. Mtetemo ulikuwa ule ule, mahali pale pale.

“Basi ni hapa katikati,” alisema.

Akaingia chini ya gari na tochi. Munira alichuchumaa pembeni, akiona miguu ya baba yake tu, akisubiri.

“Alama zimekutana,” sauti ilitoka chini. “Na nimeziweka mwenyewe. Hapa hapana kosa.”

Alipotoka, uso wake ulikuwa umebadilika. Kama kufunga kulikuwa sawa, alisema, basi krosi yenyewe ni feki, na aliyemuuzia ni Sadallah wa duka la spea, mtu anayeswali naye safu moja. Akaenda kunawa, akaanza kutafuta viatu aende dukani. Mama Lusungu, aliyekuwa akianika nguo ng’ambo ya ukuta, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Munira alimsikia akimwelezea mtu kwamba Sadallah anauza vitu feki.

Tangu asubuhi Munira alikuwa akijifariji kwamba pikapu ikienda gereji nyingine, fundi mwingine atairekebisha na mambo yatakwisha. Sasa aliona hayaishi. Yameanza na baba yake, yamefika kwa Sadallah, na mtu aliyeyaanzisha ni yeye. Akisema, huenda baba asimruhusu tena kushika spana. Baba yake alikwisha kuvaa kiatu kimoja.

“Baba, usiende. Krosi ni nzima.”

“Umejuaje?”

“Alama ya kwenye propela siyo yako. Yako niliifuta wakati nasafisha. Hiyo nimeichora mie.”

Fundi Fakihi alibaki na kiatu cha pili mkononi. Halafu akakivua kile cha kwanza, akarudi chini ya gari, akaumulika tena ule mstari kwa tochi.

“Nilijiuliza,” alisema, “tangu lini mkono wangu unachora mstari ulionyooka hivi. Lete spana ya kumi na nne.”

Kwa kuwa boliti ni nne, propela ingeweza kukaa kwa namna nne tu, na moja walikwisha kujua siyo. Waliigeuza kwa robo, wakaenda barabarani. Ilitetemeka kuliko mwanzo. Wakarudi, Munira akalegeza boliti mwenyewe, wakaigeuza robo nyingine. Safari hii alivua ndala na kukanyaga sakafu peku. Sitini ikapita, sabini ikafika. Chini ya nyayo alisikia barabara tu.

Baba yake aliegesha pikapu kabla hawajafika nyumbani.

“Munira, kufuta alama ni bahati mbaya. Hata mie nimewahi. Ungeniambia imefutika, ningejua kwamba sijui, ningejaribu hivi tulivyojaribu leo, na mayai ya watu yangekuwa mazima. Ulipochora nyingine ulinifanya niamini kitu ambacho hakipo. Nimetafuta kila mahali, isipokuwa pale penye kosa, na nusura nikamvunjie mtu heshima dukani kwake. Ukikosea kazini, sema mapema. Gereji utaingia kesho kama kawaida. Lakini kwa Mama Lusungu utakwenda kusema mwenyewe.”

Munira alikwenda, baba yake akimfuata nyuma kidogo. Alimkuta Mama Lusungu jikoni, akamwamkia shikamoo, akamweleza yote bila kuruka kitu, akaomba msamaha. Mama Lusungu aliweka mwiko chini.

“Na mie niliyekwisha kutangaza mpaka Manzese,” alisema polepole. “Baba yako, na sasa hivi tu Sadallah. Wewe umechora alama, mie nimezungusha maneno. Kesho tutaongozana, mie na wewe, nyumba kwa nyumba, tukayarekebishe.”

Fundi Fakihi alimkabidhi ufunguo wa pikapu, akaanza kuaga, akisema wana grisi mpaka viwikoni na watapita siku nyingine.

“Sabuni ipo, maji yapo, na nyama nimenunua bucha lile lile la halali mnalonunua nyie,” alisema Mama Lusungu, akiongeza sahani mbili mkekani. “Munira, mnawishe baba yako. Ingieni ndani, mle, ndizi zinapoa.”