Maumivu Yaliyomngoja Shangazi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yunis alimsaidia baba yake, Stanislausi, kuanika dagaa ufukweni Bukima. Asubuhi moja alikuwa amejikunja.

"Tumbo tena?" baba aliuliza.

"Ni uji wa jana tu, baba."

Uji ulisingiziwa bure. Wiki nzima maumivu yalimchoma chini ya kitovu, upande wa kulia. Lakini tangu mama yake afariki, mambo ya kike nyumbani kwao yalipitia kwa shangazi Jeska wa Bunda, naye angekuja Jumapili. Kumtajia baba sehemu ile? Afadhali ardhi immeze. Aibu ya Yunis ilikuwa kaidi kuliko punda.

Alipoinama kuwageuza dagaa, maumivu yalimkata ghafla. Alitapika, jasho likamtoka, akaanguka.

"Mimba hiyo," mwanamke mmoja pale ufukweni alimnong'oneza mwenzake. Yunis alisikia, akazidi kuona aibu.

Baba alimkimbiza hospitalini Musoma. Daktari Keraryo alipouliza panapouma, Yunis alimtazama baba, akanyamaza. Daktari alimwomba baba asubiri nje. Hapo ndipo msichana aliposema yote, huku akilia. Kipimo kilionyesha hana mimba. Ultrasaundi ikaonyesha damu tumboni.

"Kifuko chenye maji kwenye ovari yake kimepasuka," daktari alimweleza baba. "Vingi hupona kwa dawa za maumivu na mapumziko. Hiki kinavuja damu nyingi, lazima tumpasue sasa."

Walimpasua, wakaizuia damu na kuiokoa ovari. Baba alijitolea damu, kisha akaketi kando ya kitanda hadi binti yake alipozinduka.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Niliona aibu. Mambo hayo namwambiaga shangazi."

Baba aliinamisha kichwa. Sasa aibu ilikuwa yake, kwa maana hakuwahi kumfungulia mtoto mlango wa kusema.

"Wale wa ufukweni nitawajibu mimi," alisema. "Ila ungengoja hadi Jumapili, shangazi angekuja kukuzika. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwili ukiuma, mwambie mtu mzima unayemwamini aliye karibu, na daktari usimfiche kitu. Shangazi yuko Bunda, Yunis. Mimi niko hapa."

Uso wote ulimchoma Yunis kwa haya.

"Baba," alisema hatimaye, akionyesha kwa kidole. "Panauma hapa, chini ya kitovu."

Baba hakutazama pembeni. Alitikisa kichwa kukubali, akainuka kwenda kumwita muuguzi.