Cherehani Haina Kosa

Fundi cherehani bado anazikumbuka siku zile kwa upendo. Chumba kilikuwa kidogo, vipande vya vitambaa vimejaa miguuni. Yeye alikanyaga cherehani, mama mkwe wake alishona vifungo, na porojo hazikuisha.

Kisha mimba zake mbili ziliharibika, zote kabla ya wiki ya sita.

"Ni hiyo cherehani, mwanangu," alisema mama mkwe. "Unakanyaga kutwa nzima. Mimba itashikaje?"

Fundi akaamini. Akaacha kazi aliyoipenda, akabaki kujilaumu.

Siku moja jirani yao, mtaalamu wa maabara, alileta koti lake jeupe lipunguzwe mikono. Akaikuta cherehani imefunikwa shuka.

"Kulikoni, dada?"

Fundi akamweleza yote huku machozi yakimtoka. Jirani akavuta kiti.

"Cherehani haina kosa. Mimba changa lazima ijishike kwenye ukuta wa mji wa mimba, na ukuta huo huwa tayari kwa siku chache tu kila mwezi. Ndani ya mwili mna maagizo mengi, kama oda zako hapa. Mna pia vitu vidogo mno, vinaitwa RNA ndogo. Vyenyewe havishoni. Kazi yao ni kusema: oda hii isubiri, ile ipunguzwe. Vikizidi au vikipungua, huenda mimba isishike."

"Nani huviharibu?" aliuliza mama mkwe.

"Wataalamu bado wanachunguza, mama. Tena mimba nyingi changa hutoka kwa kasoro iliyoanza tangu yai kurutubishwa. Dawa ya kurekebisha RNA hizo haipo bado. Atakayewauzia dawa hiyo anawapiga changa la macho. Nendeni kliniki, mume na mke, wote wapimwe."

Wakaenda. Fundi akapewa vidonge vya asidi ya foliki, mume akaacha sigara. Cherehani ikafunuliwa. Mwaka uliofuata mimba ilishika, na fundi akashona hadi mwezi wa nane.

Mtoto sasa yuko darasa la tatu. Juzi mteja mmoja kijana alikaa pale chumbani akilia, mimba yake ya kwanza imeharibika. Mama mkwe akaweka sindano chini.

"Si kosa lako," alimwambia. "Mimi nilimwambia mkwe wangu ni kosa lake. Akalibeba neno hilo mwaka mzima, wala hakunijibu vibaya."

Akamgeukia fundi.

"Na mimi sijawahi kukuomba radhi. Nisamehe, mwanangu."