Kiti cha Henning

Kwii. Kimya. Kisha kwii tena, kutoka sebuleni, ambako taa haijawashwa.

Tuva aliganda na sahani mkononi. Ilikuwa saa kumi tu ya jioni, lakini giza la Desemba la Uswidi lilikwisha kuumeza mji wa Norrköping. Sauti ile aliijua vyema: kiti cha ngozi cha mumewe Henning, aliyezikwa mwaka juzi.

Miezi kadhaa nyuma, mwosha magari aitwaye Jerker alimkuta Tuva kwenye soko la mitumba, katikati ya msukumano, akisugua kiti cha mtoto kwa mate na leso.

"Dada, hicho kiti kimekukosea nini?" alimtania, koti lake la kazi la manjano likimeremeta. Akachomoa chupa mfukoni, akapuliza dawa ya viti vya gari, akapitisha brashi. Uji uliokauka miaka mingi ukateleza.

"Kumbe una dawa ya kila kitu!"

"Isipokuwa ya usingizi. Wangu umeshauchukua."

Basi wakapendana, na Jerker akawa haji kwa Tuva bila ndoo yake. Kabati kuukuu likapakwa nta ya gari, zulia la mitumba likapigwa povu.

"Nyumba inanuka gari jipya," Tuva alicheka. "Iko siku tutaamka tuko barabarani."

Lakini Jumamosi iliyopita, Tuva akiwa kazini, Jerker alimwandalia zawadi. Alikipaka povu kiti cha Henning, akakisugua, akakitia nta. Doa jeusi, pale kichwa cha Henning kilipokuwa kikiegemea, likatoweka.

"Umemfuta!" Tuva alilia aliporudi. "Toka!"

Sasa, jioni hii, Tuva akaingia sebuleni, akawasha taa. Bintiye Signe, wa miaka minne, alikuwa amejikunyata kitini akijibembeza. Kwii.

Simu ya Tuva ikatetemeka, akapokea.

"Mpenzi, usikate," Jerker alisema. "Lile doa sikulijua. Nisamehe."

"Kiti bado kinalia, Jerker. Wewe usiyeacha hata bawaba bila mafuta!"

"Springi sikuigusa. Signe alinikataza. Alisema hapo ndipo baba yake anapoitika."

Tuva akakisogelea kiti. Harufu ya nta ilikuwa imetanda. Chini yake, kwa mbali, ilikuwapo tumbaku ya Henning, au ndivyo alivyotamani.

"Uko wapi?"

"Hapa chini mlangoni. Pua imeshakuwa barafu."

Tuva akamgeukia bintiye. "Jerker yuko chini, kipenzi. Apande?"

Signe alikitikisa kiti, akaisikiliza kwii yake mpaka ikaisha.

"Aje, lakini kiti hiki ni changu."