Muziki wa Kupitia Lukozi

Kwi. Kwi. Kitanda cha kamba kililia gizani, nikajua Rahma kaamka. Nilikuwa nimechuchumaa pembeni napapasa kiberiti. Nikatulia, nikamsikia anajisemea kwa sauti ya chini, kama mtoto anayekariri sura ya chuoni.

“Dada. Dada Husna. Asante dada.”

Kiberiti kilikuwa mkononi tayari. Sikukiwasha.

“Rahma?”

“Abee mama.” Halafu haraka haraka, “Abee dada.”

“Humu ndani niite mama, mwanangu. Hatujapanda gari bado.”

“Kwenye gari ndiyo dada?”

“Ndiyo. Mpaka turudi.”

“Kwa nini?”

Ningemjibu nini mtoto wa miaka mitano? Nikawasha koroboi. Simu ikalia mezani, ujumbe wa Jafari:

“Nakuja na mama asubuhi hii. MTOTO AKUITE DADA usisahau mpz. Leo ndio leo.”

Jafari alikuwa dereva wa gari la kukodi pale Lushoto. Tulijuana wakati nasoma masomo ya jioni. Shule ya mchana niliiacha kidato cha pili, nilipofukuzwa kwa ajili ya mimba ya Rahma. Aliyenipa mimba alikwenda Tanga, miguu yake ikasahau njia ya mlimani. Jafari ndiye aliyekuwa akinisubiri nje ya darasa, ananisindikiza mpaka nyumbani, ananiuliza nimejifunza nini. Mwanaume anayekuuliza umejifunza nini, nyie, humwachi hivi hivi.

Sasa mama yake alikuwa ameteremka Lushoto kutibiwa macho. Akasema kabla hajatuma washenga kwetu, anataka kuniona. Basi Jafari akapanga amrudishe kwao Mlalo na mimi niwemo garini. Rahma nilitaka kumwacha kwa mama yangu, lakini mama alikuwa msibani Bungu.

“Mje naye,” Jafari aliniambia. “Tutasema ni mdogo wako.”

“Jafari!”

“Husna, mama yangu alishasema, kwake haingii damu ya mtu mwingine. Tuoane kwanza. Nitamweleza polepole.”

Nikakubali. Ukipendwa, unakubali mengi.

Honi ikalia. Nilipotoka, mama yake, Bi Mwanahawa, alikuwa amekaa kiti cha mbele na kanga mpya begani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Na mdogo wako ndiye huyu?”

“Ndiye, mama.”

Akamsemesha Rahma kwa Kishambaa, Rahma akamjibu sawasawa mpaka bibi akacheka. Roho yangu ikatulia kidogo. Jafari hakucheka. Alikuwa ameinama chini ya usukani, nyaya zimemzunguka shingoni.

Miaka ile vitu vya Dubai vilikuwa vimefurika kila soko, na Jafari alikuwa amenunua diskimani, kile kicheza sidii cha kubeba mkononi. Redio ya gari lake ilikuwa na tundu la kaseti tu. Kwa hiyo alinunua na kaseti ya waya, kaseti isiyo na mkanda ndani. Unaiingiza redioni, waya wake unatoka nje, unauchomeka kwenye diskimani, sidii inalia kwenye spika za gari. Ndivyo alivyoambiwa dukani.

“Twende baba, jua linapanda,” mama yake alimwambia.

“Kidogo tu mama. Nataka usikilize kaswida njia nzima.”

Akaisukuma kaseti. Redio ikaimeza, ikaguna krr, krr, ikaitema.

“Imekataa,” Rahma alisema.

“Haijakataa!” Jafari akaigeuza, akaisukuma tena. Krr, krr. Ikatemwa.

“Mwanangu, mimi mdomo ninao,” Bi Mwanahawa akasema. “Na huyu mchumba wako anao. Tutaongea.”

“Hapana mama!”

Alilisema kwa woga mpaka nikamtazama. Jasho lilikuwa linamtoka, na ubaridi wote ule wa asubuhi.

Tukaondoka redio imenyamaza. Hata stendi hatujaimaliza, nikasikia sauti ninayoijua.

“Mama Rahma! Leo huchukui karoti?”

Jafari akabana honi, piiiiii, mpaka tukapita.

“Alikuwa anasema nini yule?” mama yake akauliza.

“Anauza karoti tu, mama.”

Ndipo nilipoelewa. Kuanzia Lushoto mpaka Lukozi, barabara yote ile ndiyo kazi yangu. Nanunua karoti na kabichi huku, nauza kule, tangu Rahma yuko mgongoni. Na kwetu, mwanamke akishazaa, nani atamwita jina lake tupu kama msichana? Ni kumvunjia heshima. Njia nzima hakuna aliyemjua Husna. Walikuwa wanamjua Mama Rahma. Jafari aliuwaza uongo wake vizuri, ila barabara haikuujua.

Kumbe kaswida hazikuwa za mama. Zilikuwa za kufunika jina langu.

Tukipandisha Magamba, kaseti ikakubali. Sauti ikatoka, lakini ikatoka na mlio mwingine ndani yake, ng’iiii, na kila Jafari akikanyaga mafuta mlio unapanda naye.

“Jafari,” mama yake akasema, “hawa wameimbia kwenye mzinga wa nyuki?”

Rahma akacheka kwa nguvu.

“Chomoa huo waya wa umeme wa diskimani kwenye tundu la kuwashia sigara,” nikamwambia Jafari. “Tumia betri. Huo mlio unafuata injini, husikii?”

“Ndiyo masomo ya jioni hayo? Niachie gari langu.”

“Haya.”

Tukaenda na nyuki wetu mpaka msituni. Mwisho akauchomoa, mlio ukakata pale pale. Hakusema asante. Akaongeza sauti.

Barabara ikaanza kuharibika. Kila shimo, sidii inaruka, mwimbaji anarudia neno moja kama mtu mwenye kwikwi. Jafari akanirushia diskimani nyuma, na waya wake umetanda katikati ya viti.

“Ishike wewe! Isiguse kiti. Ibebe kama mayai.”

Nikaibeba viganjani. Gari linayumba, mimi nayumba nayo, mikono yangu imekaa mbele kama ya mtu anayeomba dua. Rahma alitaka kuniegemea.

“Asikuguse, itaruka!” Jafari akafoka.

Mtoto akajisogeza dirishani peke yake.

Bi Mwanahawa aligeuka mara kadhaa kunisemesha. Niliona midomo yake inauliza kitu, kwetu tuko wangapi au baba yangu ni wa ukoo gani, lakini Jafari akaongeza sauti, naye akageukia mbele.

Njia panda ya Kwai injini ikachemka. Jafari akashuka kutia maji, nikamfuata nyuma ya boneti.

“Huu muziki ni wa mama yako au wa jina langu?”

“Husna, tusianze.”

“Nijibu.”

Akachungulia kama mama yake anasikia. “Leo Lukozi kuna soko. Unajua mwenyewe walivyo wale wanawake wa Lukozi. Tukishapita Lukozi basi. Nivumilie mpaka Lukozi.”

“Na kesho? Washenga wakija, utaweka kaswida mtaa mzima?”

“Nitamweleza, nimesema!”

“Lini?”

“Polepole!”

“Mwanangu amekaa kule nyuma anaogopa hata kuniegemea.”

“Ni siku moja tu, Husna. Siku moja! Kwa ajili yetu.”

Akanishika mkono, na macho yale yale ya nje ya darasa. Nikarudi garini. Nilimpenda, ndiyo. Nikaichukua diskimani, nikaibeba tena kama mayai.

Lukozi ilijaa. Malori yalikuwa yanapakia kabichi, moja limekaa mbele yetu, lingine limekuja nyuma likatuziba. Jafari akapandisha vioo vyote, akafungulia sauti mpaka mwisho. Spika zilikuwa zinakoroma. Nje naona watu wananipungia, midomo inafunguka na kufumba. Mwajuma, mwenzangu wa kabichi, akaja mpaka kwenye kioo, akagonga. Jafari akatazama mbele kana kwamba kioo kimegongwa na mvua.

Rahma akanivuta mkono. Nikamtazama. Uso ulikuwa umemgeuka rangi, midomo inasema kitu. Sikumsikia. Akasema tena. Sikumsikia. Nikainama mpaka sikio langu likamgusa mdomo.

“Dada, nataka kutapika. Dada, nisamehe.”

Nikafungua kifuniko cha diskimani. Sidii ikazunguka bure mara moja mbili, ikasimama.

Sauti ya Mwajuma ikaingia kutoka nje.

“We Mama Rahma! Umekuwa kiziwi leo? Mama Rahma!”

“Husna, funga hicho kitu!” Jafari akasema.

Nikafungua mlango badala yake. Rahma akatapika chini, nimemshika paji la uso. Mwajuma akamimina maji kutoka kwenye kidumu chake, nikamnawisha. Nilipoinuka, Bi Mwanahawa alikuwa ameteremsha kioo chake.

“Mama Rahma ni nani?”

“Ni mimi, mama. Huyu ni Rahma, mwanangu. Nimemzaa mimi.”

Bibi akageuka taratibu kwa mwanawe. “Uliniambia ni mdogo wake.”

“Mama, niliogopa. Wewe hupendi...”

“Sipendi nini?”

Nikamalizia mimi.

“Aliniambia umesema kwako haingii damu ya mtu mwingine.”

“Mimi? Nilisema lini?” Sauti yake haikupanda, na hiyo ndiyo ilinitisha. “Sikiliza, binti. Sikudanganyi. Huenda ningekataa. Sijui. Lakini mimi sijaulizwa! Jafari, umenivalisha maneno kama kanga ya kuazima, na mimi sipo?”

“Basi nani aliyekataa, Jafari?” nikauliza. “Kama si mama, nani?”

Akashika usukani kwa mikono miwili, na gari limezimwa.

“Pale stendi,” akasema, “kuna jamaa alioa mwanamke mwenye mtoto. Wanamwita Ng’ombe na Ndama. Kila akipita, wanalia kama ng’ombe. Kila siku, Husna.”

“Kwa hiyo ndama ni mwanangu.”

“Sijasema mimi! Wao ndio wanasema!”

“Na wewe ukawasikia wao. Sisi ukatuwekea muziki.”

Nikaiweka diskimani kitini, na waya wake, nikachukua kikapu. Nikamwambia Bi Mwanahawa, “Nisamehe mama, nimekuletea aibu barabarani.”

“Aibu siyo yako,” akasema. Hakusema niingie garini, wala hakusema niende.

Nikamshika Rahma mkono, tukaanza kukata soko kurudi upande wa Magamba. Machozi yalinitoka, sikuyafuta, mkono mmoja una mtoto na mwingine una kikapu. Rahma alitembea ubavuni. Alikuwa hajui bado aniiteje.

Nyuma nikasikia mlango wa gari unabamizwa.

“Husna!”

Nikaendelea.

“Husna! Husna, subiri!”

Wanawake wa kabichi wakaacha kazi. Mmoja akampigia kelele, “Dereva, mbona umeteremka, gari limekushinda?” Wakaangua kicheko. Mwajuma akasimama katikati ya njia, mikono kiunoni.

“Kaka, unamtafuta nani?”

“Yule pale, Husna!”

“Husna? Hapa Lukozi hatuna Husna. Jamani, kuna anayemjua Husna?”

“Hatumjui!” wakaitikia kama wanaimba. Wapakiaji juu ya lori nao wakadakia, “Hatumjui!”

Nilisimama. Sikugeuka. Niliwaza, akirudi garini sasa, basi, nitalia leo na kesho, kisha nitauza karoti. Karatasi yangu ya matokeo ya masomo ya jioni nitakwenda kuichukua bila mtu wa kuniuliza nimejifunza nini. Nitaweza. Lakini nilikuwa sitaki kuweza. Nilikuwa nataka aseme.

Kumbe ile dhihaka ya stendi ilikuwa imefika na huku: juu ya lori mtu mmoja akajaribu kulia kama ng’ombe, “Mmbuuu,” na wenzake wakaanza kucheka. Nikajua Jafari kayasikia yale aliyoyakimbia.

Ndipo sauti yake ikaja, imekwama kwama, kama ile sidii mashimoni.

“Mama... Mama Rahma.”

“Hatusikii!” Mwajuma akasema.

“Mama Rahma!” Safari hii soko zima lilisikia, na mama yake kwenye dirisha la gari, na lori zima la wapakiaji. “Mama Rahma, nisamehe! Nimekosa! Rahma, nisamehe na wewe!”

Kicheko kikakatika. Miguu yangu ilikuwa haijaamua kama itageuka.

Mwanangu akanivuta kanga, akasema kwa sauti kubwa:

“Mama, unaitwa.”