Maziwa Ndani ya Tangi la Sipke

Douwe alitoka msalani kwa jirani yao, Bi Jeltje, uso umemkunjuka kwa furaha. Huko msalani, kama kwa kila mtu pale Dokkum, mji wa Uholanzi, ndiko ilikotundikwa kalenda ya siku za kuzaliwa.

"Hongera, Bi Jeltje! Kumbe leo Sipke katimiza sabini!"

Vijiko vilinyamaza ndani ya vikombe. Sipke, mumewe Bi Jeltje, alikuwa na wiki ya tatu kaburini, na kati ya majirani sita waliolibeba jeneza lake, wa mbele kushoto alikuwa Douwe mwenyewe.

"Mdomo wako hauna breki, mume wangu," Hiske alimnong'oneza.

Kwa hiyo mjane aliposema anatafuta mtu wa kulichukua tangi la kioo la maji ya bahari la marehemu, pamoja na viumbe wake, Douwe alidaka kabla hajamaliza: "Sisi!" Aibu ina mbio kuliko akili.

Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, tangi likiwa limeshahamia kwao, sebule yao ilinuka ufuko ulioachwa na maji. Konokono wa tangini walikuwa wamepanda kioo, wakifuka moshi mweupe.

"Wanamwaga mbegu tu," Douwe alicheka. "Hata sisi tulianza hivyohivyo."

Hiske, mwenye mimba ya miezi saba, akamrushia mto.

Kisha jongoo bahari akasimama wima, akayumba, akamwaga naye. Viti vya pweza, wale wenye umbo la nyota, wakajiinua kwenye ncha za mikono yao mitano. Matumbawe yakatema. Hapo kicheko kikamkauka Douwe, maana kila kiumbe kati ya hao ana msimu wake, na hawazai pamoja.

"Douwe, mbona wote wananitazama mimi?"

"Hawana macho, mpenzi."

"Ngoja uone."

Akajikongoja hadi dirishani. Jongoo bahari akageuka. Konokono wakageuka, mmoja mmoja, bila haraka. Na ule weupe, uliopaswa kutawanyika kama maziwa kwenye chai, ukajikusanya katikati ya maji, ukajiviringa, ukaota kichwa kikubwa, kisha mgongo, kisha magoti yaliyokunjwa hadi kifuani, na pampu iliyokuwa ikinguruma tangu asubuhi ikaanza kukoroma kama mtu anayezamishwa, na Hiske akalishika tumbo kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ambayo mumewe hakuwahi kuisikia, "Ameacha kucheza. Douwe, mtoto ameacha kucheza."

Douwe aling'oa waya ukutani. Pampu haikunyamaza. Akakimbia na soksi hadi nyumba ya pili, akarudi akimburura Bi Jeltje.

"Mwambie mzimu wa mumeo utuachie! Kama ni ile hongera yangu, nitampigia magoti kaburini!"

Bi Jeltje alilisogelea tangi. Maji ya tangi yalikuwa safi kama machozi. Lile umbo halikuwapo. Viumbe wote walikuwa wamelala chini, wamekufa, na pampu ilikuwa kimya.

Kwenye kochi, Hiske alilia na kucheka kwa pamoja. "Anacheza! Anapiga mateke kweli! Ila mbona mate yangu yana chumvi?"

Douwe alishusha pumzi. "Asante, Sipke. Asante, mzee wangu, umetuachia."

"Sipke?" Bi Jeltje alisema, akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, macho yake hayabanduki tumboni kwa Hiske. "Sipke ndiye aliyekuwa akilizuia jini la tangi hilo lisitoke."